Kiti cha Saa Mbili Usiku

4 Machi

Wifi,

Sikuulizi hali. Hali yako naiona kila siku saa mbili usiku, umepakwa poda, shingo imesimama, unatupa habari za dunia nzima isipokuwa za nyumbani kwako. Nimekupigia simu wiki nzima hupokei. Chiriku naye akipokea anasema "niko sawa mama" halafu anakata. Basi nimenunua bahasha. Simu unaweza kuizima, karatasi itakukodolea macho mezani.

Mwanangu amesimamishwa kazi na mimi nimeyasikia kwa watu! Kwa mteja aliyekuja kupunguza sketi. Nina pini mdomoni, ananiambia, "Pole fundi, nasikia Chiriku wako ndiye aliyewaua watu kwenye taarifa ya habari." Nusura nizimeze.

Niambie kama nimeelewa. Jengo limeanguka, mafundi wanane wamefukiwa. Mchana ikadhaniwa wote wamekufa. Kabla ya saa mbili wawili wakatolewa wazima, redio zote zikasema, na chumba chenu cha habari kikabadilisha maandishi. Halafu wewe, ambaye mji mzima unakuita Saa Mbili kwa sababu watu hurekebisha saa zao kwa sauti yako, ukakaa mbele ya kamera ukasema wote wanane wamekufa, ukawataja mmoja mmoja. Mke wa mmoja wa wale wazima akaanguka jikoni kwake, akavunjika mkono. Na anayeadhibiwa ni Chiriku, kwa kuwa yeye ndiye anayeendesha mashine ya kukupitishia maandishi kwenye kioo cha kamera. Eti hakuingiza habari mpya.

Chiriku huyu? Aliyekuwa akinipangia nyuzi kwa rangi hata kabla hajaanza shule, bila kutumwa na mtu?

Kikao cha nidhamu ni tarehe 27. Wewe ni shangazi yake, anaishi kwako, na hujafungua mdomo. Nataka kujua siku hiyo utasema nini.

Kaka yako anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Wifi yako,
Mama Chiriku


9 Machi

Kwako wifi,

Barua yako imefika na imesomwa, pamoja na kelele zake.

Nimesoma habari miaka ishirini na sita. Nimesoma nikiwa na homa. Nimesoma jioni ya siku tuliyomzika mama, na kaka yangu atakuambia kwamba sauti haikutikisika. Kazi ya msomaji ni kusoma kilichowekwa mbele yake. Kioo kikisema wanane, nasema wanane. Chiriku amekiri mwenyewe, kwa maandishi, na hakuna aliyemshika mkono. Sasa wewe uliyekaa huko na mkasi wako unajua zaidi yake?

Tuseme ukweli. Hasira yako haikuanza juzi. Tangu siku uliyomleta kwangu na begi lake moja umekuwa ukimpimia kiti changu kama unavyompimia mtu nguo. Ulisema mbele ya kaka yangu, ukicheka, kwamba "kiti cha shangazi ni cha mtoto." Kiti kile hakirithiwi kama sufuria. Nilikikalia wakati kituo hakina hata feni, jasho likinitiririka mgongoni huku natabasamu.

Na lile koti la bluu ulilonishonea mwaka wa kwanza, ambalo umenikumbusha kila tulipokutana mbele ya watu, nitakurudishia. Litakutosha, umenenepa.

Usije kwenye kikao. Nimeshazungumza na mlinzi wa getini.

Saa Mbili


14 Machi

Wifi,

Umenichapia barua kama notisi ya kuhama nyumba. Hata jina lako umelichapa. Mkono umekuwa mzito kwa ukubwa?

Unitishe na mlinzi! Watu wengine wanaona koti. Mimi niliyekuja studio kukupima mabega najua kwamba chini ya ile meza una kandambili. Juu mheshimiwa, chini mtu anayetoka kuoga. Kwa hiyo usinivimbie.

Sasa sikia nililolisikia. Yule dada anayewapamba hapo studio amenipigia, yeye bado ana utu. Anasema mwaka jana mkuu wa habari alimpa Chiriku taarifa ya Jumamosi asome, ajaribiwe. Chiriku akakataa. Kijana wa habari anakataaje kusoma habari? Ni kama mtu akatae kula na njaa anayo. Umemfanyia nini mwanangu? Ulimwambia hafai? Ulimwambia hakuna majua mawili mbinguni?

Kaka yako, ambaye katika ugomvi huu ameamua kushika rimoti, amefungua mdomo mara moja tu. Jana alisema, "Macho ya dada siku hizi hayatembei. Zamani yalikuwa yanafuata mstari. Sasa yamesimama pale pale." Nikamwambia ni kiburi, kikizidi shingoni kinapanda machoni.

Kikao kinakaribia na bado hujanijibu utasema nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nitakutafuta kwenye kila mshono.

Mama Chiriku


20 Machi

Mama, shikamoo.

Mwandiko huu unaujua. Sasa ujue na hili: ile barua iliyochapwa, niliichapa mimi. Shangazi alisema, mimi nikapiga. Na zako zote mbili nimemsomea mimi, kwa sauti, tumekaa sebuleni kwake. Nilisoma mpaka pale pa kandambili. Alicheka hapo. Palipofuata hakucheka, akasema tusikujibu.

Shangazi haoni, mama. Anaona mlango, anaona kuna mtu amesimama, taa anaiona kama imefungwa kwenye ukungu. Herufi hazioni tangu mwaka jana. Mwanzoni nilizikuza kwenye kioo. Nikakuza mpaka yakawa yanatokea maneno matatu tu kwa mara moja, kisha mawili, mhariri akaanza kuuliza mbona mashine inakimbia hivyo. Tukabadilisha. Ikawa saa kumi na moja jioni tunajifungia chumba cha kupambia, namsomea taarifa nzima mara mbili, naye anaishika yote kichwani. Yote, mama! Majina, vyeo, tarakimu. Sijaona kichwa kama kile. Ikiingia habari ya ghafla, namnong'oneza kwenye kifaa cha sikioni, anaitoa kana kwamba anaisoma.

Siku ile habari mpya ilikuja muziki wa kufungulia ukiwa umeshaanza. Niliiingiza. Ilikuwa mbele yake, kubwa, imenyooka. Nikamwambia sikioni: wawili wazima, wawili wazima. Lakini kifaa alikuwa amekichomoa. Mkuu wa kituo alikuwa amemfokea humo humo dakika chache kabla, kwa jambo la kipuuzi, na unamjua shangazi, hapendi kufokewa. Akatoa ile ya saa kumi na moja, majina yote, kwa ile sauti yake nzuri. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nampungia mikono, na yeye alikuwa ananitazama mimi.

Waliponiuliza nilisema nimesahau kuingiza. Lilinitoka tu. Mimi wakinifukuza nitapata pa kushika. Yeye akitoka pale atakuwa nani? Sasa taarifa inatumwa kwenye simu yake, namsomea hapa nyumbani, anaenda peke yake, na mimi nabaki mbele ya televisheni nikiomba dunia isibadilike kati ya saa kumi na moja na saa mbili.

Ile ya Jumamosi niliikataa mwenyewe. Ningekaa kwenye kiti, mashine angeiendesha mtu mwingine, siri ingekaa siku ngapi? Usiseme ananila. Uliponileta hapa ulisema utanifuata muhula ukiisha. Sikukulaumu, kazi zilikuwa nyingi. Lakini nilipougua, aliyekesha na mimi ni yeye, na poda ya studio bado iko usoni.

Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema foleni nzima ya macho itamjua, na kesho yake yeye ndiye atakuwa habari. Nakuomba, mama, usimwambie mtu yeyote. Hajui kama nimekuandikia. Na ukimwandikia yeye, kumbuka msomaji ni mimi.

Mwanao,
Chiriku


23 Machi

Chiriku mwanangu, kaa mbele ya shangazi yako umsomee barua hii mpaka mwisho. Usiruke neno. Ukiruka nitajua.

Wifi. Nimejua. Mtoto aliniomba nisiseme, lakini mimi ni mama, siwezi kuwa sanduku la kufungia mambo yako. Usimgeukie yeye. Mkasirikie aliyezoea kukasirikiwa.

Nilidhani umeninyang'anya mtoto kwa kumpenda, na hilo ningekuchukia nalo kwa heshima. Kumbe umemgeuza macho yako. Ukamtumia mchana, ukamtumia jioni, na siku macho hayo yalipokuonyesha ukweli ukayachomoa sikioni kwa sababu umekemewa. Wakubwa walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anaweza kumsukuma mtoto mbele akaumbuliwe badala yake. Hilo umelianzisha wewe.

Umeniandikia kwamba amekiri na hakuna aliyemshika mkono. Ulimwamuru yeye mwenyewe aichape sentensi ile. Aliichapa kwa vidole vyake! Ulikuwa umekaa karibu naye kiasi gani, wifi? Ulisikia anavyopiga?

Chiriku, hapa ni kwako. Muhula ule sikuja. Na uliofuata sikuja. Kila nilipotaka kuja niliona unasoma vizuri, una chumba, nikasema nikimrudisha nitampa nini. Sikujua kama ulikuwa unanisubiri. Nimelisoma hilo mara nyingi na linaniuma. Endelea kusoma.

Wifi, tarehe 27 utaingia kwenye kile kikao useme kwa mdomo wako kwamba maandishi yalikuwa sahihi na wewe huoni. Usiposema, nitakuja mimi, na yule mlinzi wako ajiandae kwa sababu nitakuja na mkasi.

Kaka yako ameisoma barua ya mtoto, akazima televisheni. Tangu tuoane sijamwona akizima kabla ya hali ya hewa.

Mama Chiriku


29 Machi

Kwako wifi,

Anayeandika ni muuza dawa wa chini ya nyumba yangu, juu ya kaunta yake, kati ya mteja na mteja. Mwandiko ni wake, matusi ni yangu.

Chiriku aliisoma barua yako yote. Alipofika penye lake sauti ilikatika, akavuta pumzi, akaendelea, jinsi nilivyomfundisha. Alipomaliza nikamwambia afungashe vitu vyake. Ndiyo, nilimtoa kwangu, kwa kukuandikia wewe. Amelala kwa yule mpambaji tangu siku hiyo. Haya, liongeze hilo kwenye madhambi yangu.

Kikaoni nilikwenda, na usijipongeze, sikwenda kwa kuogopa mkasi. Nilikwenda kwa sababu usiku wa kwanza bila yeye niliomba ruhusa ya ugonjwa, nikakaa kitandani nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtoto yule alitoka na wenzake jioni. Sikukumbuka.

Walikuwepo mkuu wa kituo, mkuu wa habari, mwanasheria, na Chiriku kwenye kiti cha pembeni. Nikasema: maandishi yalikuwa sahihi, mtoto hana kosa, mimi sioni. Unajua walifanya nini? Walitabasamu. Sikuwaona, nililisikia tabasamu ndani ya sauti. Mkuu wa kituo akaniambia, "Mama, tunauheshimu moyo wako wa kumkinga mtoto wa kaka yako." Nikarudia. Mwanasheria akasema usiku ule nilitaja majina manane na umri wao bila kujikwaa, je, asiyeona angewezaje? Ufundi wangu mwenyewe ukanigeuka, wifi. Nilikuwa nimewadanganya vizuri mno.

Nikasema nipeni karatasi yoyote. Wakanipa. Nikaishika kama ninavyozishika siku zote, nikainua shingo. Hakuna kilichokuja. Weupe tu, na ukungu. Mkuu wa habari akasema kwa upole, "Soma mstari wa kwanza tu." Nikamwambia sijui mstari wa kwanza uko wapi. Bado walikaa kama watu wanaotazama mchezo wa kuigiza.

Halafu nikasikia kiti cha pembeni kinasogea. Chiriku alikuwa amekuja. Amenijia begani, ameinama juu ya karatasi, ameshaanza kuninong'oneza mstari wa kwanza kwa mazoea. Alisahau tuko wapi. Hakuna aliyemwita. Nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu." Hapo ndipo walipoamini. Maneno yangu hayakuwaingia hata moja, ila lile la mtoto kuinuka liliwaingia.

Amerudishwa kazini kwa onyo la kuficha. Mimi nimepewa bahasha, na hawakuniomba niisome. Alitoka bila kunisemesha.

Kuna mwanamke nyuma yangu kwenye foleni anamuuliza mwenzake, "Si ni Saa Mbili huyu?" Nimemjibu alikuwa ndiye.

Umeshinda. Usije.

Aliyekuwa Saa Mbili


6 Aprili

Muuza dawa, habari za kazi. Msomee huyo mteja wako kwa sauti ya kawaida, wanaosikia na wasikie.

Wifi, unasema nimeshinda. Nimeshinda kipi? Mwanangu hazungumzi na wewe kwa sababu ulimfukuza, wala na mimi kwa sababu nilivunja siri yake. Nilimpigia, akaniambia, "Mama, nilikuomba jambo moja tu," akakata. Tumebaki wanawake wawili wazima tunarushiana karatasi, na anayetuunganisha ni mtu wa vidonge.

Nilipoisoma ile habari ya karatasi nilifurahi. Nakuambia bila haya, nilifurahi, nikasema na aipate. Halafu nikashona mkono wa gauni la mtu ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje, nikaiacha kazi.

Jumamosi ijayo nakuja. Sijakusamehe na usiniandalie chai. Nakuja kukushika mkono nikupeleke hospitali ya macho, tupange foleni kama watu wote. Mwaka mzima huoni na hakuna daktari hata mmoja aliyekutazama! Una akili gani? Ukinifungia mlango nitakaa kwenye ngazi na kazi zangu, majirani zako wanaonekana wana suruali za kukunjwa.

Mama Chiriku


19 Mei

Wifi,

Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe. Wiki iliyopita wamemaliza jicho la pili.

Nasoma. Nimesoma karatasi za dawa, nimesoma gazeti la kufungia mkate, nimesoma kile walichonipa kituoni ndani ya bahasha. Nimesoma na barua zako zote. Chiriku alizisoma taratibu, akishusha sauti penye ncha, nikadhani unanizomea tu. Kumbe ulikuwa unauma kweli.

Nilikiandikia kituo kwamba sasa naona vizuri kuliko mkuu wake. Wamejibu kwa adabu kwamba watazamaji hawatamwamini tena aliyewatangaza walio hai kuwa wamekufa. Ningekuwa mhariri ningejibu hivyo hivyo. Kwa yule mama aliyevunjika mkono nilikwenda. Mume wake ndiye aliyefungua mlango, mzima, ana kovu kwenye paji la uso. Nilimtaja jina. Akaniambia mke wake hataki kuniona, na akaufunga mlango polepole.

Jana Jumamosi nilimtazama Chiriku akisoma taarifa, sasa wamempa. Alijikwaa kwenye tarakimu moja, akaomba radhi, akairudia, akaendelea. Mimi sikuwahi kujikwaa hata siku moja, na tazama nilipofika. Nimesikia Jumapili iliyopita alikuja kwako akala. Kwangu hajaja. Chumba chake nakifagia, hilo usimwambie.

Lakini nimeshika kalamu kwa ajili ya siku ile ya hospitali. Uliniongoza kwenye foleni, watu wakanong'ona, ukawakata jicho, ukamwambia mmoja atazame mbele kabla shingo haijakaza. Nilikuwa na raha karibu nicheke. Tukaingia kwa daktari. Akaniwekea taa, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa wa kawaida kabisa, kila asubuhi anawatoa watu watatu wanne wa namna hiyo. Angenitoa mwaka jana na baada ya mwezi ningekuwa kazini. Alisema kwa furaha, masikini, akidhani anatupa habari njema.

Nilikungoja. Mwaka mzima wa mtoto, kile kiti, mkono wa yule mama, yote kwa foleni ya asubuhi moja niliyoionea haya. Ulikuwa na kila haki ya kunipasua pale pale mbele ya daktari, na mdomo unao. Nilikaza mabega nikasubiri. Na wewe ukanyamaza. Ukanifunga kifungo cha koti, ukanishika mkono, tukashuka ngazi zote bila neno.

Matusi yako nimekusamehe yote, hata la kandambili. Ule ukimya, wifi, sitakusamehe.

Wifi yako